Filamu Alizozisikia Mama

Old Kampala,
16 Februari 1975

Dada yangu Shamsia,

Salamu hizi zikukute umekaa kitako, ingawa najua hukai. Sisi huku tu wazima. Mvua imewahi mwaka huu, ukuta wa uani umelainika upande wa jiko, na yule paka wako mzee bado anaishi kwa ukaidi tu. Cherehani inanipa riziki. Sare za shule haziishi, kinachoisha ni kitambaa. Mama anakusalimu wewe, shemeji Farouk na watoto mmoja mmoja kwa majina, na kila jina analirudia mara mbili, anadhani nimelisahau njiani. Macho yake ni yale yale. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwa sasa hapa hapana wa kumpasua. Anaona mwanga na kivuli. Watu anawajua kwa sauti na kwa mlio wa viatu.

Sasa nikupe habari ya kukufanya uunguze chungu. Tumekwenda sinema!

Ndiyo, mimi na Mama. Kulikuwa na tamasha la filamu hapa mjini, juma zima, filamu za nchi mbalimbali, bendera zimetundikwa kuanzia mlangoni mpaka kwenye ngazi. Na unajua ni wapi? Kwa mzee Jivraj. Mule mule. Tangu wenyewe walipoondoka na Wahindi wenzao jumba lilikuwa na kufuli, sasa limefunguliwa na kupakwa rangi. Mdogo wetu Umar ndiye aliyetuletea kadi za mwaliko.

Dada, nilipopita ule mlango miguu yangu ilielekea kushoto yenyewe, kule tulikokuwa tukiingilia sisi wanawake siku za Jumatano. Nikamtafuta mke wa Jivraj kwenye kidirisha, na bangili zake zilizokuwa zikigonga sarafu. Kidirisha kimezibwa kwa ubao. Lakini pazia ni lile lile jekundu, na lile shimo lililounguzwa na sigara lipo bado. Nilimwambia Mama, akacheka. "Lishonwe basi, wewe si fundi?"

Filamu ya kwanza ilitoka nchi ya baridi. Mjane anaishi peke yake na mizinga ya nyuki, na theluji imefunika kila kitu. Nilikuwa namnong'oneza Mama sikioni.

"Wanasema nini?"

"Hawasemi, Mama."

"Basi wanafanya nini?"

"Wanatazama dirishani."

"Wote?"

"Wote."

Akasema, "Yupo mtu hajarudi." Na kweli, Shamsia, kabla ya mwisho tukajua kwamba mume wa yule mjane alikwenda mjini kuuza asali wala hakuonekana tena. Mama alijua kabla yangu mimi mwenye macho.

Siku ya pili ilikuwa filamu ya Misri, yenye harusi iliyovurugika kwa sababu bwana harusi kapotelea ndani ya mji wake mwenyewe. Mama aliyakamata maneno mawili matatu ya Kiarabu, akawa anamtafsiria jirani ambaye hakuwapo. Siku ya nne, ya Kihindi. Hiyo sikuhitaji kunong'ona. Ilikuwa ya zamani, mstari mweupe unateremka juu ya nyuso kama mvua, na nyimbo zilipoanza Mama aliziitikia. Sauti yake haijazeeka.

Hata nafasi tulipata tele. Mama alipoingia amenishika bega, watu walisimama wakatupisha, safu nzima ikabaki yetu. Akasema, "Watu wa Kampala wamerudiwa na adabu."

Umar hajambo. Kazi nyingi.

Niandikie. Mama anauliza utakuja lini.

Mdogo wako,
Rahima


Pumwani, Nairobi,
14 Machi 1975

Rahima mpenzi,

Umekisia sawa, barua yako nimeisoma nimesimama, mwiko mkononi. Imechukua karibu mwezi kufika, na bahasha ilikuwa na gundi juu ya gundi. Hapa hatujambo. Farouk mgongo unamsumbua, duka analiendesha akiwa amelala kwenye mkeka nyuma ya kaunta. Watoto wanakua, viatu ndivyo havikui. Mama mpe mkono wangu, umbusu kipaji.

Umenitesa na hilo pazia. Juzi kutwa nzima nilikuwa nimerudi kwenye Jumatano zetu. Nilimwona Mama na mwavuli wake mweusi mbele, sisi nyuma tumejipaka wanja kwa wizi, tunateremka barabara ya Namirembe. Mle ndani asumini na bisi na watoto wanaolia, na wanawake wanaomtukana mama mkwe wa kwenye filamu kwa lugha tano. Unamkumbuka Umar? Mwanamume pekee aliyeruhusiwa, kwa kuwa alikuwa mdogo wa kukaa mapajani. Shujaa alipopigwa alilia mpaka mke wa Jivraj akaja na biskuti. Na Akullo wetu, binti wa polisi wa pale kituoni, aliyejifunza Kihindi chote kwa nyimbo na hakujua maana ya hata neno moja! Mama alikuwa akimnunulia njugu kama alivyotununulia sisi. Yuko wapi siku hizi? Mara ya mwisho nilisikia ameolewa na polisi mwenzao wa kwao Lango, kule kaskazini, yule mrefu, Ogwal. Msalimie sana.

Filamu ya yule mjane imenikaa. Huku nimepita mbele ya sinema mara nyingi, sikuingia. Kukaa gizani bila Mama pembeni naona kama kula peke yangu.

Ninakuuliza jambo. Umesema Umar ana kazi nyingi. Hukusema kazi gani.

Kuja, nitakuja Mungu akipenda. Sasa mgongo wa Farouk, halafu mitihani ya watoto. Usinikasirikie.

Dada yako,
Shamsia


Old Kampala,
27 Aprili 1975

Dada,

Barua hii amekuletea Kaltumi mkononi. Ni mfanyabiashara wa soko la Kikuubo, anakuja Nairobi kutafuta sabuni na kanga, na namwamini. Ukimaliza kuisoma, itie jikoni. Mama ni mzima wa mwili. Paka amekufa. Tumemzika chini ya ukuta ule uliolainika.

Kwa posta sikuweza kukujibu. Sasa nitakuambia lile tamasha lilivyokuwa.

Watu hawakutupisha kwa adabu. Walituogopa. Umar alitushusha mlangoni kwa gari lake, amevaa miwani yake myeusi, na kila mtu pale anajua lile gari ni la ofisi gani. Ni ile isiyo na kibao mlangoni, Shamsia, ile inayochukua watu. Yuko huko mwaka wa tatu huu. Tulipoketi, mama mmoja niliyemshonea nguo za binti zake alichukua mkoba wake akahamia nyuma. Kisha wengine. Mama yuko katikati ya viti vitupu, amefurahi, ananiuliza wanasema nini, nami namsimulia nyuki na theluji. Kila jioni hivyo hivyo. Ningefanya nini? Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu Baba afariki.

Siku ya filamu ya Kihindi, taa zimeshazimwa, mtu akaja akaketi pembeni ya Mama. Alikuwa Akullo. Amekonda. Mama aliimba ubeti, naye akaitikia, Mama akamshika mkono palepale. "Akullo! Na meno yako yale yale, nayasikia." Akacheka. Halafu akainama sikioni kwake.

"Mama, mimi nauliza wewe kitu moja tu. Ogwal walimchukua mwezi wa kwanza. Walikuja na gari mchana, watoto naona. Uliza Umar kwa ajili yangu. Mimi siwezi."

Mama hakuimba tena siku ile.

Ijumaa Umar alikuja kula, kama kawaida yake. Mama akangoja amalize.

"Umar, Ogwal yuko wapi?"

"Ogwal gani?"

"Mume wa Akullo. Usiniulize Ogwal gani."

Akacheka kidogo. "Mama, hayo ni mambo ya kazi."

"Kumbe ndiyo kazi yako."

Umar akainuka. Alivaa viatu vyake, akasimama mlangoni muda mrefu, mgongo kwetu. Kisha akasema, "Mwambie asingoje." Akatoka.

Mama alikaa pale pale. Jua lilikuwa linaingia, anauelekeza uso wake kwenye ule mwanga. Mwishowe akaniuliza, "Rahima, wale watu kule sinema walitupisha kwa heshima?"

Nikasema, "Hapana, Mama."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Asubuhi yake akataka nimpeleke Namuwongo, kwa miguu yake mwenyewe. Akullo amepanga chumba kule karibu na reli tangu alipotolewa kambi ya polisi. Tulimkuta anaanua nguo. Mama alimwambia akiwa wima, hakukubali kiti. Akullo akakunja kanga, akaikunja tena, ikawa ndogo kama leso.

"Nani amesema?"

"Mwanangu."

"Basi ni kweli," akasema. Baadaye ndipo akaketi chini. Nilimshika mimi. Mama alisimama tu, mkono umeegemea ukuta, hajui aende wapi.

Wanaume wawili wamekuja mara mbili kukitazama kile chumba. Majirani wamemwambia. Mama hazungumzi mengi siku hizi, lakini najua anapanga jambo.

Rahima


Pumwani,
11 Mei 1975

Mdogo wangu,

Kaltumi anangoja kibarazani, naandika haraka. Barua yako imekwisha kuwa majivu.

Nilijua. Wasafiri walimwambia Farouk mwaka juzi, kwa jina kabisa, Umar Salehe. Ndiyo maana sikuja. Si mgongo wala mitihani. Ghorofani kwetu wanakaa watu waliokimbia kutoka huko, wawili ni wajane. Nimewaambia mimi ni mtu wa Tanga. Nikikutana nao ngazini nawasalimu kwa Kiswahili cha Tanga, nao wananijibu kwa upole, nami nateremka nimeloa jasho.

Mlete Mama. Huku yuko daktari wa macho. Njoo naye, na cherehani yako uiache, nitakupa yangu. Njooni nyote.

Shamsia


Old Kampala,
1 Juni 1975

Dada,

Kaltumi anatangulia na barua hii leo. Mama anapanda treni Jumatano. Mpokee steshini Alhamisi. Ana kikapu na mto wake. Tafadhali andaa na kitanda cha watoto.

Mengine utayajua.

Rahima


Pumwani,
22 Juni 1975

Rahima, Rahima,

Hata salamu sijui nizianzie wapi. Sisi ni wazima. Wamefika wazima. Mama amelala kitanda changu, anamkemea Farouk kuhusu mgongo, na mgongo umepata nafuu kwa hofu.

Nilikwenda steshini na watoto wangu wote. Nilimwona Mama dirishani, na nyuma yake buibui lako, lile lenye utepe wa kijani ulioushona mwenyewe. Nikakimbia naita jina lako, watu wananitazama. Yule mwanamke akageuka. Alikuwa Akullo. Mkono mmoja amemshika mwanawe Santa, mgongoni yule mdogo. Nilisimama katikati ya jukwaa, Rahima. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote.

Kumbe umempa pasi yako ya kusafiria.

Akullo amenisimulia. Tororo, karibu na mpaka, waliingia askari wakakagua behewa zima. Mmoja akaichukua pasi, akaitazama picha, akamtazama yeye.

"Wewe mzee, natoka wapi?"

"Natoka nyumbani kwangu," Mama akasema. "Nakwenda kupasuliwa macho."

"Na huyu?"

"Binti yangu, Rahima. Na wajukuu zangu."

"Hapana. Hii si mtu ya Kampala. Hii sura ni ya kaskazini."

"Mimi sioni sura, baba. Najua majina. Mimi ni mama yake Umar Salehe. Shuka ukapige simu ofisini kwake, umwambie mama yake umemzuia hapa."

Yule askari akarudisha pasi kwa mikono miwili. Akaliokota na shuka la mtoto lililoanguka. "Safari njema, Mama."

Mama alikumbatia mto wake mpaka Nakuru. Nakuru akasema, "Jina nililompa mimi. Siku ya saba, mimi ndiye niliyelichagua." Akaomba maji.

Siku ya pili hapa, wajane wa ghorofani waliteremka kumwamkia mgeni. Mimi nimeganda, nangoja Tanga yangu ianguke. Mama akawapa mkono, akawaambia waziwazi ametoka Kampala, ni mama yake nani, na mwanawe anafanya nini. Mmoja alitoka nje bila kuaga. Yule mwingine, ambaye ni wa kwao Akullo, aliketi. Walizungumza Kilango na Akullo mpaka chai ikapoa. Yule aliyetoka bado hanijibu salamu ngazini. Sasa namsalimu kwa Kiswahili chetu.

Akullo anasaidia dukani, na mteja akichelewesha anamwimbia Kihindi. Mama atapasuliwa jicho la kwanza mwezi ujao.

Lakini wewe umebaki na nani? Utavukaje bila pasi? Kwa nini hukuniambia? Niandikie, ewe mtoto mkaidi.

Shamsia


Old Kampala,
3 Agosti 1975

Dada Shamsia,

Mimi mzima. Kaltumi amenipa barua yako pamoja na sabuni, asante, nimegawana na majirani. Nimenunua kitambaa cha bluu, kibaya, lakini kipo. Ukuta wa jikoni umeanguka hatimaye. Nimeuacha, napata hewa.

Sikukuambia kwa sababu ungenikataza, na pasi ilikuwa moja tu. Ya pili nimeiomba. Ofisini wananiambia nirudi, narudi, wananiambia nirudi.

Jumba la Jivraj sasa linaonyesha filamu Jumamosi tu. Nilikwenda mara moja. Ilikuwa ya vita, mizinga inapiga mwanzo mpaka mwisho, nikajikuta midomo inacheza, namsimulia mtu ambaye hayupo. Nikatoka katikati. Nilipitia barabara ya Namirembe polepole, nikajaribu kuziimba zile nyimbo zetu. Maneno ninayo yote, Shamsia. Sauti ya pili na ya tatu ndizo zilizokosekana.

Umar hakuonekana wiki nyingi. Ijumaa iliyopita alikuja, kwa miguu. Nilikuwa nimepika wali na samaki wa Ggaba. Nikampakulia. Alikula kidogo, akatazama kile kiti cha Mama.

"Mama yuko wapi?"

"Kwa Shamsia. Kutibiwa macho."

"Amekwenda na nani?"

Nilikuwa nimeuandaa uwongo tangu Juni. Nikaufungua mdomo, ukanishinda. "Na Akullo," nikasema. "Kwa pasi yangu. Unipeleke unakopeleka watu."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alichambua mwiba wa samaki, akauweka pembeni ya sahani.

"Nilijua. Waliniletea taarifa kutoka Tororo. Bibi kipofu ametaja jina langu, ana mtu wa kaskazini. Nikawaambia ni mama yangu, na yule ni dada yangu. Wakaniamini. Sijui mpaka lini." Kisha akasema, "Usiende tena kuulizia pasi. Wanaandika majina ya wanaorudi mara nyingi."

Nilimwongezea wali. Sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Akala. Tulikaa hivyo, kama watu wa nyumba moja, mpaka nikasikia anauliza, sauti ndogo kabisa, "Mama aliniachia salamu gani?"

Dada, unajua Mama alivyo na salamu. Hata paka, pale tulipomzika, alimwachia salamu. Asubuhi ya safari aliacha salamu kila mlango wa mtaa huu, fundi viatu, muuza maziwa, mpaka yule jirani tusiyeelewana naye. Nilimngoja alitaje jina la Umar. Nilimfunga viatu polepole nikimngoja. Tulifika steshini nikimngoja.

Nikamwambia Umar, "Hakuacha."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia. Akanawa mikono, akasema chakula kilikuwa kizuri, akatoka. Nilimtazama mpaka kona. Mtoto wa jirani aliyekuwa akicheza barabarani aliingia ndani alipomwona.

Sasa unajua kwa nini bado niko hapa. Si pasi peke yake. Atakuja tena Ijumaa, na mtu wa kumfungulia mlango sasa ni mimi tu. Sijui kama nafanya vema. Usiniulize kwa barua, uniulize siku tukikaa.

Msalimie Akullo, Santa na mdogo wake, shemeji na watoto, na yule mama wa ghorofani asiyekujibu, naye msalimie.

Mama akiuliza, mwambie Umar alikuja akala. Asipouliza, usimwambie.

Mdogo wako,
Rahima